Mshipa wa unyayo unaowaka moto: mwongozo kamili wa upasuaji, toka kupima mpaka kuvaa kiatu tena

Kila wiki napata meseji zinazofanana kama mapacha. Mtu kapasuliwa mguu, mwezi wa tatu bado unawaka, nikimuuliza walikukata mshipa wa fahamu au waliufungulia nafasi tu, kimya. Nikimuuliza mshono uko juu ya mguu au chini ya unyayo ndo anageuza mguu kuangalia. Na wapo waliopasuliwa alafu ikaja kujulikana tatizo lilikua sukari, kisu cha watu kimeenda bure.

Mi sio daktari jamani. Ni muuza vitenge hapa Ngamiani, Tanga, nasimama kutwa, nimepasuliwa mguu wa kulia na nimewauliza madaktari maswali mpaka wakanichoka. Dozi na kisu anaamua daktari wako, mi nakuonyesha njia usiende kama kipofu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa nyuroma ya Morton. Jina linatisha ila sio kansa. Ni mshipa wa fahamu unaopita katikati ya mifupa ya mbele ya mguu kwenda vidoleni, umebanwa na kusuguliwa miaka mpaka umenenepa. Mara nyingi ni kati ya kidole cha tatu na cha nne ukihesabu toka dole gumba, mara chache zaidi kati ya cha pili na cha tatu. Juu ya mshipa kuna kano inayofunga ile mifupa pamoja kama mkanda, chini kuna ardhi, mshipa umekaa katikati kama jamvi la wageni. Kumbuka hiyo kano, tutairudia.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Daftari dogo. Andika kwa wiki mbili: maumivu yanaanza saa ngapi, umevaa kiatu gani, ukivua yanapoa au la.
- Majibu ya kipimo cha sukari, ya karibuni sio ya mwaka juzi.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba na za kuyeyusha damu.
- Raba pana mbele, kisigino kifupi, soli nene.
- Kadi ya bima kama unayo, na karatasi ya rufaa.
- Magongo mawili ya kuazima, yawe ya urefu wako.
- Mito miwili mitatu ya kuinulia mguu, na kiti cha plastiki kile cha kuogea.
- Mtu. Huyu ndo wengi wanamsahau, unahitaji mtu wa kukupikia na kukuchotea maji wiki mbili nzima, sio siku mbili.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Nyuroma ina tabia zake. Unatembea vizuri, alafu ghafla unahisi kama umekanyaga kokoto au soksi imejikunja chini ya vidole, ukivua kiatu hamna kitu. Kunawaka, kunapiga shoti kuelekea vidole viwili vilivyo jirani, vinafanya ganzi. Unakaa chini sokoni, unavua, unajichua, panapoa. Ukiona mwanamke kavua kiatu katikati ya harusi anajiminya mguu chini ya meza, usimcheke.

Jipime hivi: kwa kidole gumba cha mkono bonyeza katikati ya mifupa miwili, sio juu ya mfupa. Alafu mkono mwingine uubane mguu kutoka pembeni zote mbili kama unakamua limau. Ikiuma palepale, na pengine ukasikia kitu kinateleza kama "klik", dalili ni nzuri, yaani mbaya, unanielewa.

Kama kinachouma ni mfupa wenyewe ukiubonyeza, inaweza kua mfupa umepata ufa kwa kutembea sana. Eksirei inapigwa kwa ajili hiyo, kuona mifupa na viungo, mshipa wenyewe hauonekani kwenye eksirei. Anaeonyesha mshipa ni altrasaundi, au MRI.

Angalizo kubwa. Miguu YOTE miwili ikiwaka kwa pamoja, ganzi imepanda kama umevaa soksi, inazidi usiku ukiwa umelala, usikimbilie kisu. Hapo kapime sukari kwanza. Ukitumia dawa ya sukari inayoitwa metformini kwa muda mrefu, vitamini B12 inaweza kushuka na kuleta ganzi hiyo hiyo. Dawa ya TB inayoitwa isoniazidi nayo inaweza, ndo maana watu wanaongezewa vitamini B6. Pombe nyingi ya miaka nayo imo. Na kama una baka kwenye ngozi lisilosikia hata ukilichoma na mwiba, kapime ukoma, usione aibu, unatibika na dawa zake ni bure.

Mi nilizungushwa karibu mwaka mzima, zahanati moja naambiwa baridi yabisi, sindano ya diklofenaki, rudi wiki ijayo, sindano nyingine. Hakuna aliyenivua kiatu. Kwahiyo vua mwenyewe, weka mguu mezani kabla hajaandika dawa.

*Umefaulu kama:* una jibu linalotaja ni mguu upi na ni nafasi ipi kati ya vidole vipi, imeandikwa kwenye faili.

## Hatua ya 2: Maliza yasiyo ya kisu, kweli kweli

Watu wanasema "nimejaribu viatu havikusaidia", ukiuliza alivivaa muda gani, siku nne, na nyumbani alikua na malapa. Hio sio kujaribu. Jipe kama miezi mitatu.

Kiatu pana kwanza. Mchuchumio unasukuma uzito wote mbele palepale panapouma, na ncha nyembamba inabana mifupa. Makubadhi nayapenda sana ila soli yake nyembamba, unasikia kila changarawe, yaweke kabatini kwanza. Malapa nayo yanafanya vidole vikunje kuyashika yasichomoke, mshipa unasuguliwa.

Cha pili ni kipedi cha ndani ya kiatu. Fundi viatu yoyote mwenye akili anaweza kukutengenezea kwa sponji ngumu na kipande cha ngozi, umbo la yai, lakini hapa ndo wanapokosea wote: kipedi hakikai pale panapouma, kinakaa NYUMA yake kidogo kuelekea kisigino, ili kiinue mifupa na kuitanua mshipa upate nafasi. Kikiwekwa juu ya panapouma unazidisha tatizo. Paka wino wa kalamu kwenye sehemu inayouma, kanyaga soli ya ndani, alama itabaki, kipedi kianzie nyuma ya alama.

Cha tatu sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa pale kwenye mshipa, vizuri zaidi wakiangalia na altrasaundi. Kuna wanaopona kabisa, kuna wanaopata nafuu ya miezi tu. Isirudiwe rudiwe, inaweza kuyeyusha mafuta ya unyayo na kufanya ngozi iwe nyeupe, na mwenye sukari itampanda siku kadhaa. Ina faida nyingine, ile ganzi inayochanganywa ndani yake ikikuondolea maumivu kwa masaa machache, daktari anajua amepiga penyewe.

Angalizo. Usikande kwa maji ya moto wala mchanga wa moto mguu wenye ganzi. Ngozi haisikii, unaungua huku unaona raha.

*Umefaulu kama:* maumivu yamepungua unafanya kazi zako. Bas, ishia hapa, huhitaji kisu. Kama sivyo, endelea.

## Hatua ya 3: Tafuta rufaa

Hapa Tanga anzia kituo chako, wakupe rufaa kwenda Bombo ambayo ndo hospitali ya rufaa ya mkoa, uonane na daktari wa mifupa. Akiona inahitaji zaidi, njia kubwa ni mbili, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili Dar, au hospitali ya KCMC Moshi. Ukienda panda basi la asubuhi stendi ya Kange, kaa siti ya njiani uweze kunyoosha mguu, na usiende na picha tu bila karatasi ya maelezo, wataanza upya.

Kama una bima uliza mapema kama upasuaji na kulazwa vimo, na uliza kwa maandishi. Hapo sina la kuongeza, kila kadi na mambo yake.

## Hatua ya 4: Jua aina za upasuaji

Hapa ndo kiini chenyewe, soma taratibu.

### A. Kufungua kano, mshipa unabaki

Daktari anakata ile kano niliyokwambia, mshipa unapata nafasi, haukatwi. Anaweza kuchana kawaida au kupitia tundu dogo na kamera kama mtaalamu na vifaa vipo. Faida, hisia za vidole zinabaki, na isipofaa bado mshipa unaweza kuja kutolewa baadae. Hasara ni kwamba kama mshipa umeshanenepa sana, kuufungulia peke yake kunaweza kusitoshe. Inawafaa zaidi ambao uvimbe bado mdogo.

### B. Kukata na kutoa mshipa

Huu ndo unaofanyika zaidi. Kile kipande kilichonenepa kinatolewa kabisa. Kwa ujumla karibu watu 8 kati ya 10 wanaridhika nao, ambayo ni nzuri, ila hesabu upande wa pili, wawili hawaridhiki, na usijidanganye we huwezi kua mmoja wao.

Bei yake ni ganzi ya kudumu kwenye kuta za vidole viwili zinazotazamana. Sio dosari ya daktari, ndo upasuaji wenyewe, mshipa haupo tena. Mi nimeshazoea, ila mtu ambae hakuambiwa anadhani ameharibiwa mguu.

Hatari unayotakiwa kuijua ni kishina. Mshipa uliokatwa hujaribu kuota, ncha yake inaweza kufanya kifundo kipya kinachouma kuliko cha mwanzo. Ndo maana madaktari wazuri wanakata nyuma sana kuelekea kisigino, kama sentimita 3 nyuma ya ile kano, ili ncha irudi ikajifiche kwenye misuli mbali na pale unapokanyagia. Wakikata mfupi, ncha inabaki kwenye uwanja wa kukanyaga, utakuja kulia.

### Mlango wa kuingilia: juu au chini?

Kutokea juu ya mguu, mshono unakaa sehemu usiyokanyaga, unaweza kukanyagia kisigino toka mwanzo ukiwa na kiatu kigumu. Kwa mara ya kwanza wengi wanapitia huku.

Kutokea chini, kwenye unyayo, daktari anauona mshipa vizuri zaidi, hasa kama ni upasuaji wa marudio. Lakini hutakiwi kukanyaga kwa wiki 2 mpaka 3, na kovu la unyayoni linaweza kua gumu likauma. Kwa mtu wa kwetu anaetembea peku uani na mchanga umejaa, hili lipime vizuri.

### C. Zile nyingine

Kuna kuuhamisha mshipa au kuuzika ncha ndani ya msuli, mara nyingi ni kwa waliorudia. Kuna kufupisha mfupa kama mfupa wenyewe mrefu unabana, hapo unauguza mfupa sio nyama, ni wiki 6 hivi. Na kuna kuuchoma mshipa kwa sindano ya joto au ya alkoholi, ambayo sio kisu ila nayo inaua mshipa, kwahiyo usiichukulie kama mchezo.

Angalizo. Ukiambiwa nafasi mbili zilizo jirani zikatwe siku moja, uliza mara mbili. Kidole cha katikati kinaweza kupoteza hisia pande zote na damu yake ikapungua.

*Umefaulu kama:* unaweza kumwelezea mama yako nyumbani, kwa maneno yako, unafanyiwa kipi na kwanini.

## Hatua ya 5: Uliza kabla hujasaini

Fomu ya ridhaa sio risiti ya luku kwamba unasaini tu. Uliza hivi, kwa adabu lakini uliza:

1. Dokta, unafungua au unakata?
2. Unapitia juu au chini?
3. Ukikata, ncha ya mshipa utaiacha wapi?
4. Kile kipande kitapelekwa maabara? Kipelekwe, ili ijulikane kweli kilichotoka ni mshipa.
5. Ni ganzi ya kifundo cha mguu, sindano ya mgongo au nusu kaputi?
6. Nyuzi zinatolewa lini na nani atazitoa, wewe huko au hapa Tanga?

Akikasirika kwa maswali sita, bora akasirike sasa hivi kuliko ukiwa umeshalala kitandani. Shikamoo iwe kubwa tu.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fupi. Kwa nusu kaputi usile masaa 6 kabla, maji meupe tu mpaka masaa 2 kabla, ila fuata watakavyokwambia. Mwenye sukari na anaetumia dawa ya kuyeyusha damu waulize siku kadhaa kabla, sio asubuhi ya thieta. Sigara acha mapema, inachelewesha kidonda kufunga. Toa hina? Hapana, ila kucha zisiwe na rangi. Hakikisha wamechora alama mguu sahihi. Wengi wanaruhusiwa siku hiyo hiyo.

Anza dawa ya maumivu ulioandikiwa KABLA ganzi haijaisha. Ukingoja mpaka mguu uanze kuuma utaikimbiza usiku kucha na hutaifikia.

## Hatua ya 7: Wiki mbili za mwanzo, ndo wanapoanguka wengi

Kwetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, kidonda cha mguu hakiijui hio.

Inua mguu. Siku 3 za mwanzo mguu uwe juu kuliko moyo muda mwingi, lala, weka mito. Kukaa kwenye kiti na mguu kwenye stuli sio kuinua. Sababu ni uvimbe, ukivimba nyuzi zinavutwa na maumivu yanapanda.

Barafu dakika 15, imefungwa kwenye khanga, isiguse ngozi. Zile barafu za mfuko za dukani zinatosha kabisa.

Bandeji isilowe. Oga umekaa kwenye kiti, mguu nje umefungwa mfuko. Masika usitoke, tope la mitaani likiingia umeisha.

Choo cha kuchuchumaa. Hakuna anaekwambia hili hospitali. Kuchuchumaa kunakunja vidole na kupeleka uzito mbele moja kwa moja kwenye mshono. Tafuta kiti cha plastiki, fundi akikate tundu katikati, au ukauguzwe kwa ndugu mwenye choo cha kukaa.

Swala. Kwenye sijda na kikao vidole vinakunjwa palepale kwenye kidonda. Swali kwenye kiti, mgonjwa ana ruhusa. Udhu na bandeji muulize shekhe wako jinsi ya kupaka maji juu yake, usiifungue. Nimeona mtu alifungua mara tano kwa siku, kidonda kikatoa usaha.

Kutembea. Kama mshono uko juu, kisigino tu na kiatu kigumu, chooni na kurudi. Kama uko chini, magongo, mguu usiguse chini. Baiskeli, ambayo najua Tanga ndo miguu yetu, sahau, pedali inakanyagwa na sehemu ile ile.

Chezesha kifundo cha mguu juu na chini mara nyingi kwa siku, damu itembee.

Kimbia hospitali ukiona: homa, usaha au harufu, wekundu unaosambaa, maumivu yanayopanda badala ya kushuka baada ya siku ya tatu, vidole vimekua bluu au baridi, shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja. Na ukikosa pumzi au kifua kikabana ghafla, hapo usisubiri asubuhi wala bodaboda wa kumjua, damu inaweza kua imeganda.

*Umefaulu kama:* siku ya 14 kidonda kikavu, kingo zimeshikana, uvimbe upo lakini unapungua ukilala.

## Hatua ya 8: Toka nyuzi mpaka kiatu

Nyuzi za juu zinatoka siku ya 10 mpaka 14, za unyayoni karibu wiki 3. Usimpe fundi wa mtaani akutolee na wembe.

Kidonda kikishafunga kabisa, anza kulichua kovu na mafuta ya nazi, duara dogo dogo, dakika tano asubuhi na jioni. Hii inazuia kovu kushikamana na nyama ya chini. Alafu weka leso sakafuni, ikusanye kwa vidole, achia, rudia.

Raba pana wiki ya 4 mpaka 6 kwa wengi. Kazi ya kukaa unaweza kurudi mapema, kazi ya kusimama kama yangu subiri. Gari usiendeshe kama ni mguu wa kulia mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita.

Mi wiki ya 5 nilienda harusi ya mtoto wa dada yangu na mchuchumio, "kidogo tu, mpaka ukumbini". Nilirudi nimebebwa kwenye bajaji, mguu kama mhogo wa Handeni, nikarudi nyuma karibu mwezi. Hakuna wa kumlaumu, ni kiherehere changu.

Uvimbe wa jioni unaweza kukaa miezi 3 na zaidi. Vishoti vidogo vidogo navyo ni kawaida mwanzoni. Na vile vidole vyenye ganzi vikague kila usiku, jiwe dogo kwenye kiatu linaweza kukutoboa hujui, mwenye sukari hapa asifanye mzaha hata siku moja.

## Hatua ya 9: Maumivu yakirudi

Kabla ya mwezi wa 3, usitangaze kwamba imefeli. Baada ya hapo, kama kunawaka upya, rudi na daftari lako na karatasi ya upasuaji, ile inayoonyesha walifungua au walikata. Kama walifungua tu, hatua inayofuata inaweza kua kukata. Kama walikata, watatafuta kishina kwa altrasaundi, watakupima nafasi ya jirani, na watauliza upya ile habari ya sukari.

Upasuaji wa pili upo, mara nyingi unapitia unyayoni, na matokeo yake kwa kawaida sio mazuri kama wa kwanza. Kwahiyo ile karatasi omba kopi siku ya kuruhusiwa, piga picha, mtumie na dada yako. Yangu niliipata baada ya kuifuatilia mara nne.